Jina na Mkato Wake

Jina ni mali ya kwanza ambayo mtu hupewa duniani, nayo ni mali ambayo wengine huitumia zaidi kuliko mwenyewe. Mtoto mchanga hana nguo aliyoichagua, hana neno alitamkalo, wala hajaujua mkono wake wa kulia na wa kushoto, lakini jina tayari analo. Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakulifanya jina kuwa jambo la mchezo. Walilitafuta, walilishauriana, na mara nyingine waligombana kwa ajili yake. Katika insha hii twakusudia kuitazama desturi moja iliyoenea miongoni mwetu, mijini kwanza na sasa mashambani pia, nayo ni ya kuwaandikisha watoto kwa majina ya mkato, yale ya kubembelezea na kutania, kana kwamba ndiyo majina kamili. Hatuandiki ili kumcheka mtu. Twaandika kwa kuwa jambo lenyewe limetugusa nyumbani, kama msomaji atakavyoona kabla hatujafika mwisho.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Liko jina lenyewe, ambalo mtu hupewa na wazazi au wazee wake kabla hajatenda jema wala baya. Iko lakabu, ambayo mtu hupewa na watu baada ya kumwona alivyo au alivyotenda. Tena liko jina la mkato, ambalo si lakabu hasa, bali ni jina lenyewe lililopunguzwa kwa mapenzi au kwa haraka ya ulimi. Abdallah huwa Dula, Ramadhani huwa Rama, Selemani huwa Sele, Rashidi huwa Chidi, Hadija huwa Dija. Kadhalika Emmanueli huwa Ema, Danieli huwa Dani, Elizabeti huwa Beti, na Magdalena huwa Lena. Hakuna ubaya wowote katika mikato hii. Ni maua ya lugha yetu, na nyumba isiyokuwa nayo huenda ikawa nyumba isiyokuwa na kicheko.

Lakini mkato una kazi yake, na kazi hiyo yategemea kuwapo kwa jina kamili nyuma yake. Mama amwitaye mwanawe Dula wakati wa chakula, humwita Abdallah anapoukuta mtungi umevunjika. Mtoto mwenye majina mawili huijua hali ya mama yake kabla hajamwona uso. Rafiki humwita Dula barazani. Sheikh humwita Abdallah siku ya kufunga ndoa. Kupita kutoka jina moja kwenda jingine ni kupita kutoka ukaribu kwenda heshima, na kutoka heshima kurudi ukaribuni. Mtoto aliyeandikishwa Dula na kuitwa Dula hana mlango huo. Amepewa jiko na sebule katika chumba kimoja.

Sasa tuutazame muundo wa majina yenyewe, maana hapa ndipo hasara inapoonekana wazi. Abdallah ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoshikamana, yenye maana ya mja wa Mwenyezi Mungu. Ni jina la baba yake Mtume Muhammad, nalo katika mapokeo ya Kiislamu huhesabiwa miongoni mwa majina yapendezayo zaidi mbele ya Mungu. Abdulrahmani ni mja wa Mwingi wa Rehema. Abdulkarimu ni mja wa Mkarimu. Siku hizi twakuta watoto walioandikwa Abdul, basi. Abdul ni nusu ya sentensi. Maana yake ni “mja wa”, na msikilizaji hubaki akingoja kuambiwa ni mja wa nani. Mzazi aliyetaka kumweka mwanawe chini ya Mungu amemwacha njiani.

Mambo ni hayo hayo upande wa pili wa kijiji, kwenye kengele ya kanisa. Emmanueli kwa Kiebrania ni “Mungu pamoja nasi”, na neno linalomtaja Mungu ni lile la mwisho, El. Danieli ni “Mungu ni mwamuzi wangu”, na El ipo mwishoni vilevile. Ema na Dani ni majina ambayo Mungu ameondolewa ndani yake kwa kisu kidogo cha mazoea, wala aliyekishika hakuwa na nia mbaya. Na hatuwezi kusema kwamba haya ni mambo ya majina ya kigeni tu. Mwanaidi ni mwana aliyezaliwa siku ya Idi, na Mwajuma ni mwana wa Ijumaa. Ukimwandika binti Mwana, umeondoa sikukuu ukaacha kitu ambacho kila mtu ni hicho. Ramadhani hutaja mwezi wa kufunga. Rama, kwa mtu atokaye Bara Hindi, ni jina la shujaa mtukufu wa dini ya Kihindu. Mzazi wa Kitanzania hakuwa na habari ya huyo wala ya yule. Alipenda sauti.

Huenda mtu akatujibu kwamba majina si kamusi, na kwamba aitwaye Simba hatuli nyama mbichi. Jibu hilo lina ukweli. Walakini sisi tuliolelewa katika ushairi twajua kwamba neno halipotezi maana yake kwa sababu msemaji ameisahau. Marehemu Shaaban Robert, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alilitumia jambo hili kwa ufundi. Katika Adili na Nduguze ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na msomaji hahitaji kuambiwa watafanya nini. Lakini tuangalie tofauti moja kubwa. Mtunzi anayajua mambo ya ukurasa wa mwisho tangu anapoandika ukurasa wa kwanza, kwa hiyo anaweza kumpa mhusika wake lakabu iliyo jina. Mzazi hajui ukurasa wa mwisho. Ndiyo maana wazee walimpa mtoto jina lenye nafasi, kisha wakauachia ulimwengu umpe lakabu.

Historia ya nchi yetu ina mifano ya kutosha. Mtemi aliyeunganisha nchi kubwa ya Unyamwezi katika karne ya 19, na kufariki mwaka 1884, alizaliwa Mtyela Kasanda; jina Mirambo lilitoka vitani. Mtoto wa Mzee Nyerere Burito, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika itikadi ya Wazanaki. Alipobatizwa mwaka 1943 aliongezewa jina la Julius. Baada ya hapo, kwa kazi yake ya kufundisha darasani na kwa kazi kubwa zaidi ya kulifundisha taifa, watu wakamwita Mwalimu. Tujiulize: kama baba yake angemwita Mwalimu tangu siku ya kuzaliwa, neno hilo lingekuwa na uzito gani leo? Lingekuwa matumaini ya baba mmoja. Kwa kuwa lilitoka kwa watu, likawa hukumu ya watu. Lakabu njema ni mshahara, na mshahara haulipwi kabla ya kazi.

Hata vijana wetu wa muziki wa kizazi kipya, ambao wazee wengi huwalaumu kwa majina yao, wanaijua kanuni hii kuliko wanavyodhaniwa. Wawili kati yao walikaa pamoja katika Bunge la mwaka 2015 hadi 2020, mmoja akiwakilisha Mbeya Mjini na mwenzake Mikumi. Jukwaani mmoja ni Sugu na wa pili ni Profesa Jay. Katika kumbukumbu za Bunge mmoja ni Joseph Mbilinyi na wa pili ni Joseph Haule. Jina lao la ubatizo ni moja. Lakabu zao hazifanani hata kidogo. Jina liliwapa mahali pa kuapia, lakabu ikawapa mahali pa kuimbia, na hakuna kati ya hayo mawili lililomnyang'anya mwenzake kiti.

Hata hivyo, mhakiki asiyejipinga mwenyewe ni shahidi wa upande mmoja. Yapo mambo matatu yanayoipinga hoja yetu, nasi hatuna budi kuyakabili.

La kwanza ni kwamba majina mengi tunayoyaheshimu yalikuwa ya kawaida kabisa hapo mwanzo. Mosi, Pili na Tatu ni hesabu tu ya watoto. Kulwa na Doto, majina ya mapacha yaliyoenea kutoka Usukuma na Unyamwezi hata yakafika pwani, yataja nani alitangulia kutoka. Chausiku alizaliwa usiku. Shida, Taabu, Mashaka na Masumbuko ni habari za nyumba ilivyokuwa siku hiyo. Haya si majina ya fahari. Ni kweli, lakini kila moja ni neno zima, lenye habari nzima. Chausiku akimwuliza mama yake kwa nini anaitwa hivyo, atasimuliwa usiku ule, nani aliyeshika taa na nani aliyekwenda kumwita mkunga. Dija akiuliza, ataambiwa kwamba ndivyo tulivyozoea kumwita shangazi yake, au kwamba lilisikika vizuri.

La pili ni kwamba mkato nao huweza kukua ukawa jina kubwa. Mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi alipojiua mwaka 1898 aliitwa Mkwavinyika. Ulimi wa watu ulilipunguza likawa Mkwawa, na mkato huo ndio uliobaki vitabuni na katika ukoo wake. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi, na hakuna aliyesikia upungufu katika jina hilo. Huko Uingereza nako, Jack lilikuwa jina la kumbembelezea John. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi mwaka 2008 ndilo lililoongoza miongoni mwa majina waliyopewa watoto wa kiume wa England na Wales. Basi hatuwezi kusema kwamba mkato ni mkato milele.

La tatu ndilo zito zaidi. Mara nyingine jina la kuzaliwa lenyewe ndilo dhuluma, na lakabu ndiyo haki. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Ulimwengu ulipomsikia akiimba ukamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Nani leo angethubutu kumrudishia Siti binti Saad jina lile la kwanza ati kwa kuwa ndilo kamili? Naye Fatuma binti Baraka, aliyefuata nyayo zake na kufariki mwaka 2013, ulimwengu mzima ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Kidude ni kitu kidogo kisichofaa kitu. Yeye alilijaza neno hilo hata likawa kubwa kuliko majumba.

Tukiyapima haya matatu twaona yana shina moja. Mkwawa, Siti na Kidude hayakuwa makubwa kwa sababu yaliandikwa kwenye daftari siku ya kuzaliwa. Yalikuwa makubwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeishi ndani yake. Jina la mkato huwa jina kamili pale ambapo maisha ya mtu yamelikamilisha. Neno hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sababu za kuenea kwa desturi hii si ngumu kuziona. Wazazi wengi husema, “Tutamwita Abdallah, na mtaani watamwita Dula, kwa nini tujisumbue?” Wengine huvutiwa na majina ya wachezaji wa mpira na waimbaji, ambayo huwafikia yakiwa yamekwisha kukatwa. Wengine wanachoka na makarani. Sisi ambao tumekaa miaka mingi nyuma ya meza za serikali twajua kwamba jina refu hupata ajali nyingi njiani: karani mmoja huandika Abdallah, wa pili Abdala, wa tatu Abdulla, na mwenye jina hujikuta watu watatu. Mzazi aliyeyaona hayo huchagua jina ambalo halina nafasi ya kukosewa.

Lakini daftari lile lile linalomtisha mzazi ndilo litakalomdai baadaye. Zamani mtu aliweza kuishi na kufa kwa jina la mtaa. Tangu kuanzishwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini mwaka 2006 na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa mwaka 2008, jina lililoandikwa katika cheti cha kuzaliwa humfuata mtu shuleni, kazini, benki na hata katika mirathi yake. Tumepata kumwona kijana akiwa na barua mbili mkononi, moja ya jina la mkato na nyingine ya jina kamili, akiapa kwamba wote wawili ni baba yake mmoja ili apewe alichoachiwa. Hakuwa mwongo, wala ofisi haikuwa na makosa kumtilia shaka.

Zaidi ya hayo, katika utaratibu wetu jina halikai mahali pamoja. Mtu huandikwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Kwa hiyo jina la kwanza la mtoto wa leo litakuwa jina la kati la mwanawe, na ubini wa mjukuu wake. Anayemwandikisha mtoto Dula hampi jina mtoto mmoja. Anavipa majina vizazi vitatu, na vizazi viwili kati ya hivyo havijazaliwa ili viulizwe. Jina lililofaa kubembelezea kitandani litawekwa juu ya mlango wa mtu asiyejua lilikuwa mkato wa nini.

Hizo ndizo hoja tulizokuwa nazo, nasi tulizishika kwa nguvu, mpaka binti yetu alipojifungua mtoto wa kiume akatuambia kwamba jina lake ni Dula. Tulimkalisha tukamweleza haya yote, pamoja na maana ya Abd na maana ya Allah. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, “Baba, mimi sikumjua Abdallah. Nilimjua baba mdogo Dula.”

Alikuwa akimtaja marehemu mdogo wetu. Huyo ndiye aliyempeleka binti yetu shule kwa baiskeli miaka ile ambayo kazi ya serikali ilituweka mbali na nyumbani. Abdallah lilikuwa jina lake la cheti. Siku ya maziko, talkini iliposomwa kaburini na Abdallah akaitwa kwa jina lake, tuliona watu wa mtaa wakitazamana. Walikuja kumzika Dula, na kwa dakika moja hawakujua ni nani aliyelala mle. Sisi wenyewe, tuliochangia tumbo moja naye, hatukumbuki kumwita Abdallah hata mara moja tangu utoto.

Hatukuwa na la kumjibu binti yetu siku hiyo. Cheti kiliandikwa Dula, na haki ya kukiandika ilikuwa ya wazazi, si yetu. Baadaye, tulipolifikiri jambo hili kwa utulivu, tuliona kwamba hakuwa amelikata jina. Alikuwa amelirithi likiwa limekwisha kukatwa, tena likiwa limejazwa na mtu mwema. Mtoto huyo akiuliza kesho kwa nini anaitwa Dula, atasimuliwa habari ya baiskeli, na ya mvua, na ya mtu aliyemfunika mtoto wa kaka yake kwa koti lake mwenyewe. Hiyo ni habari nzima. Katika mizani tuliyoiweka wenyewe, Dula huyu ameshinda.

Hata hivyo hatukuiacha hoja yetu yote. Tulimwomba binti yetu jambo moja, naye akakubali: kwamba mtoto atakapojua kusoma aambiwe pia kwamba baba mdogo huyo aliitwa Abdallah, na neno hilo lina maana gani. Jina la mkato bila kumbukumbu ya jina zima ni mto usiojua chemchemi yake. Ukikauka, hakuna ajuaye pa kwenda kuchimba.

Twawasihi basi wazazi wapya: andikeni jina zima, na mwite mnavyopenda. Wino haugharimu zaidi kwa herufi nne, na mapenzi hayapungui kwa kuwa na jina la Ijumaa na jina la kila siku. Twawasihi na makarani wenzetu waliandike jina refu kwa uangalifu ule ule wanaoliandikia jina lao, wasije wakamfukuza mzazi kwenye urefu kwa uvivu wa kalamu. Tena twawasihi walimu wawaulize watoto darasani maana ya majina yao, na asiyejua atumwe nyumbani akaulize.

Lakini kama mzazi ameamua kuandika mkato, basi ajiulize swali moja tu kabla karani hajachovya muhuri: jina hili limetoka kwa nani? Kama lina mwenyewe, aliyeishi ndani yake na kulikamilisha, na liandikwe. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Halikusemwa kwamba sharti liwe refu.